Karani wa Utafiti Hakuja Kuposa

Mwezi wa saba mwaka 2016 nilikwenda nyumbani kumtazama mamangu, kijijini kwetu kusini mwa Kilifi. Kusi ilikuwa imeshika, bahari chafu, na ndugu yangu, ambaye ni mvuvi, alikuwa na siku ya tano hajashusha chombo majini. Asubuhi hiyo ikapigwa hodi. Alikuwa msichana mmoja na mkoba begani, ameongozana na mzee wa kijiji. Akamwamkia mamangu shikamoo, akaonyesha kitambulisho, akasema anatoka Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, na nyumba yetu imechaguliwa katika utafiti wa kaya.

Mamangu akamkaribisha kibarazani. Maswali yakaanza: nani analala hapa, nani anasoma, maji mnateka wapi, mnapikia nini. Yote yakaenda vizuri mpaka alipofika kwenye chakula. "Mama, katika siku saba zilizopita, samaki mmekula mara ngapi?" Mamangu akavuta pumzi, na kabla hajajibu nikamkatiza. Nikasema kama mara nne hivi, kilo moja kila mara. Tukaulizwa kama kuna siku chakula kilipungua. Mamangu akasema, "Alhamdulillahi," nami nikaongeza haraka, "Hatuna shida." Karani akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Alipoondoka, mamangu alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, yule hakuja kuposa."

Maneno hayo yamenikaa miaka yote hii. Wakati ule niliona nimeilinda heshima ya nyumba. Baadaye, nilipoanza kuandika habari za kaunti na kulazimika kusoma ripoti za takwimu, ndipo nilipoelewa nilichokifanya asubuhi ile. Leo nataka kukueleza, ndugu msomaji, namna tafiti hizi zinavyofanywa, ili siku hodi ikipigwa kwako usirudie kosa langu.

Kwanza, kwa nini nyumba yetu? Hilo ndilo lililomshangaza mamangu. Aliniuliza mbona hawakwenda kwa yule mwenye nyumba ya ghorofa, au kwa yule maskini zaidi yetu kule mwisho wa kijiji.

Ukienda sokoni Kongowea kununua gunia la mchele, humwagi gunia zima chini uchambue punje moja moja. Mwenye duka huchoma bambo ubavuni mwa gunia, akatoa mchele kidogo kiganjani, ukautazama, ukajua gunia lote likoje. Utafiti wa kaya ni bambo la taifa. Sensa ndiyo kumwaga gunia zima, na hufanywa mara moja kila miaka kumi kwa sababu ni kazi kubwa na ghali. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na Kilifi peke yake 1,453,787. Lakini sensa haina nafasi ya kumuuliza kila mtu alikula nini juzi na alinunua sabuni ya shilingi ngapi. Maswali marefu ya namna hiyo huachiwa utafiti.

Ila bambo likichomwa upande mmoja tu wa gunia, mnunuzi anaweza kudanganyika. Kwa hiyo mahali pa kuchoma hapachaguliwi na chifu, wala na mzee wa kijiji, wala na karani mwenyewe. Kabla ya sensa, nchi hukatwa vipande vidogo vidogo kwenye ramani, na kutokana na vipande hivyo KNBS hutengeneza orodha mama ya maeneo, ambayo wao huyaita klasta. Utafiti ule uliofika kwetu ulianza Septemba 2015 ukamalizika Agosti 2016. Ulichagua kwa bahati nasibu klasta 2,400 kote nchini, kutoka kila kaunti, mijini na vijijini. Katika kila klasta zikachaguliwa kaya 10, tena kwa bahati nasibu. Jumla kaya 24,000.

Kabla ya karani kuja na maswali, huwa kuna watu waliopita kuorodhesha nyumba zote za klasta hiyo na wenye nyumba. Kutokana na orodha hiyo ndipo kaya zile 10 hupatikana. Kwa kawaida kaya ikishachaguliwa haibadilishwi. Ukikataa, au ukifunga mlango ukajificha ndani, karani haruhusiwi kwenda kwa jirani ili kujaza pengo. Nafasi yako inabaki tupu.

Sasa fanya hesabu ya haraka. Wakati ule Kenya ilikuwa na kaya zipatazo milioni 11. Ukigawanya kwa 24,000, utaona kila kaya iliyochaguliwa ilibeba mgongoni kaya nyingine zaidi ya 450. Idadi hiyo haiwi sawa kila kaunti. Wataalamu huipa kila kaya uzani wake kulingana na ukubwa wa kaunti na wa klasta, kwa hiyo kaya ya Lamu haibebi mzigo sawa na kaya ya Nairobi. Lakini maana ni moja. Nilipomjibia mamangu kuhusu samaki, sikuwa nikizungumzia chungu cha mamangu peke yake. Nilikuwa nawajibia mamia ya watu nisiowajua, ambao hakuna aliyewapigia hodi.

Jambo la pili ni neno lenyewe, kaya. Kwetu Pwani lina uzito wake. Mmijikenda ukimtajia kaya, anakumbuka misitu mitakatifu ya wazee, kama Kaya Kinondo kule Kwale. Kwenye utafiti, kaya ni watu wanaoishi pamoja katika boma au nyumba moja, wanaomtambua mkuu mmoja, na wanaokula kutoka chungu kimoja. Undugu wa damu si sharti. Nyumba moja ya Kiswahili Mombasa, yenye vyumba sita na wapangaji sita, kila mmoja na jiko lake, ni kaya sita. Mume mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake, hao ni kaya mbili. Na kijana wenu aliyeko Ughaibuni anayetuma pesa kila mwisho wa mwezi, yeye si mmoja wa kaya, ingawa pesa zake zinaulizwa.

Karani akikosea hapa, kila kinachofuata kinapinda. Ndiyo maana huanza kwa kuuliza majina na nani alilala wapi, mpaka watu wakaona kama anapekua mambo ya ndani. Anatafuta chungu kimoja kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Jambo la tatu, na hapa wengi hushangaa: umaskini haupimwi kwa mshahara. Ukimuuliza ndugu yangu anapata shilingi ngapi kwa mwezi, hawezi kukujibu. Kaskazi ikivuma anaweza kurudi na shilingi elfu tatu kwa siku moja, kusi ikija anakaa wiki nzima akishona nyavu. Mamangu naye anauza mahamri asubuhi na maembe msimu wake. Mapato ya namna hiyo hayana hesabu moja. Kwa hivyo utafiti huuliza kinyume chake: mmetumia nini? Mmekula nini? Vyakula huulizwa kwa siku saba zilizopita, kwa sababu hakuna anayekumbuka mchicha wa mwezi jana. Nguo, karo na matibabu huulizwa kwa muda mrefu zaidi.

Na si vya kununua tu. Muhogo mliochimba shambani huhesabiwa. Nazi mliyoangua huhesabiwa. Samaki aliyeletwa na jirani kama kitoweo naye huhesabiwa. Mamangu hupima unga kwa kibaba na kununua dagaa kwa fungu, wala hajui gramu ni nini. Kazi ya kugeuza kibaba na fungu kuwa kilo ni ya watafiti. Wao pia hupita sokoni kuuliza bei za hapo hapo, ili muhogo wa shambani kwenu upewe bei ya soko la karibu nanyi na si ya Nairobi.

Ndiyo maana pia utafiti ule ulienda miezi 12 mfululizo. Ungefanywa mwezi wa Ramadhani tu, ungeona futari na kudhani ndivyo Pwani inavyokula mwaka mzima. Ungefanywa wakati wa kaskazi tu, ungemkuta kila mvuvi ana pesa mfukoni. Klasta hugawanywa katika mwaka, wengine wafikiwe wakati wa neema na wengine wakati wa dhiki. Sisi tulifikiwa wakati wa kusi. Hapo ndipo ilipokuwa faida ya kutufikia, nami nikaiharibu kwa kumwelezea karani chungu cha kaskazi.

Sasa tuje kwenye mstari wa umaskini. Katika utafiti huo wa 2015/16, mtu mzima wa kijijini alihesabiwa maskini ikiwa matumizi yake kwa mwezi, chakula na mengineyo, hayakufika shilingi 3,252. Mjini mstari ulikuwa shilingi 5,995, kwa sababu mjini kodi na bei ni za juu. Mtoto hahesabiwi sawa na mtu mzima. Aliye chini ya miaka mitano huhesabiwa kama 0.24 ya mtu mzima, na wa miaka 5 hadi 14 kama 0.65.

Nimepiga hesabu ya nyumba yetu ya siku ile. Watu wazima watatu: mamangu, ndugu yangu na mkewe. Watoto watatu: mmoja wa miaka 12, mmoja wa 7, na mdogo wa 3. Watu wazima ni 3, watoto wakubwa wawili ni 1.30, mdogo ni 0.24. Jumla 4.54. Zidisha kwa shilingi 3,252, utapata kama shilingi 14,764 kwa mwezi. Nyumba yetu ikiwa chini ya hapo, imehesabiwa maskini. Ikiwa juu, haikuhesabiwa.

Nilipomuuliza mamangu baadaye, aliniambia wiki ile samaki walikula mara moja, tena wa kuletewa. Mimi nilisema mara nne. Niliongeza kilo tatu ambazo hazikuwepo, kwa bei ya wakati ule kama shilingi 900 kwa wiki, shilingi 3,600 kwa mwezi. Kwa makisio yangu, matumizi yetu ya kweli yalikuwa kama shilingi 12,500. Maneno yangu yakayapandisha mpaka 16,100. Kwa sentensi moja niliyoisema kibarazani, nikaivusha mstari nyumba ya mamangu, na pamoja nayo mamia ya nyumba nyingine za vijijini ambazo kusi ilikuwa imezikalia kama ilivyotukalia sisi.

Matokeo yalipotoka, taifa zima lilionekana kuwa na umaskini wa asilimia 36.1. Kwetu Pwani, Tana River ilikuwa 62.2, Kwale 47.4, Kilifi 46.4, Taita Taveta 32.3, Lamu 28.5 na Mombasa 27.1. Sisemi kwamba mimi peke yangu niliipunguza Kilifi. Kaya moja haipindui kaunti. Lakini ninapokaa na watu kwenye baraza za kahawa na kuwauliza, nasikia kila mahali habari ile ile: "Tungemwambiaje mgeni kwamba tumelala na chai?" Wakijibu hivyo wengi, kosa si la kaya moja tena.

Hapa ndipo tabia yetu njema inapotuponza. Tumelelewa katika stara. Shida za nyumbani hazitoki nje ya mlango, na mtu akikuuliza hali, jibu ni alhamdulillahi hata kama jiko halijawashwa. Ni malezi mazuri wala sitaki tuyaache. Lakini alhamdulillahi ni shukrani kwa Mola, na Mola anajua kilichomo chunguni. Karani hajui. Yeye anachoandika ni idadi tu, na ukimjibu kwa stara ataandika kwamba huna upungufu.

Mzani haujui stara. Mwaka 2022 ulifanywa utafiti mwingine, ule wa afya na idadi ya watu, ambao pamoja na maswali hupima watoto urefu na uzito. Uligundua kwamba nchini kote watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, yaani wafupi kupita kiasi kwa umri wao, ni asilimia 18. Kilifi ilikuwa asilimia 37, ya juu kuliko kaunti zote za Kenya. Kudumaa hakuletwi na upungufu wa chakula pekee. Kuna maji machafu, maradhi ya mara kwa mara, na namna mtoto anavyolishwa miaka yake ya mwanzo. Hata hivyo, mtoto zaidi ya mmoja kati ya watatu! Miili ya watoto wetu ilisema jambo ambalo sisi wakubwa tunaona haya kulitamka.

Na hesabu hizi haziishii kwenye rafu za maktaba. Fomula ya kugawa fedha za kaunti iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020, baada ya mvutano mkali tulioufuatilia sote, iliweka asilimia 14 ya mgao kwa kigezo cha umaskini. Kigezo hicho hutokana na takwimu za tafiti kama hizi. Hata mfumko wa bei unaotangazwa redioni kila mwezi, kapu lake la bidhaa lililoanza kutumika 2020 lilipangwa kutokana na majibu ya utafiti ule wa 2015/16: watu walisema wananunua nini, na kwa kiasi gani. Tunapolalamika kwamba Nairobi haijui tunavyoishi, tukumbuke kwamba zipo siku Nairobi ilituma mtu kuuliza.

Lakini haki itendeke pande zote, kwani tafiti hizi nazo zina mipaka yake. Kaya zilizochaguliwa katika kaunti moja ni chache, kwa hivyo takwimu hizo ni makadirio yanayoweza kupanda au kushuka kidogo. Zinaweza kukuambia habari ya Mombasa kwa jumla, haziwezi kukuambia habari ya wadi yako. Ile asilimia 27.1 ya Mombasa imechanganya Nyali na Likoni katika sufuria moja. Ya Kilifi imechanganya mwenye hoteli ya Malindi na mama wa Ganze anayefuata maji kwa mwendo wa saa nyingi. Mwanasiasa akikupa asilimia ya umaskini ya kijiji chako, muulize ameipata wapi. Isitoshe, hojaji huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Karani asiyejua kwamba kwetu kitoweo ni kile kinacholiwa pamoja na wali au ugali, atauliza swali lake na kujibiwa jingine. Ni haki yetu kudai makarani wa kwetu wanaojua lugha na desturi zetu.

Nijue pia kwamba wako wanaokosea kwa upande mwingine. Wanadhani karani anaandikisha watu wa chakula cha msaada, basi hata kuku walioko uani wanafichwa. Utafiti huu hauandikishi mtu kwenye msaada wowote, kwa hivyo ukijifanya fukara hupati kitu, ila unaharibu hesabu ya wenzako. Wengine wanaogopa kodi, au ardhi. Pwani hatujapona majeraha ya ardhi, na mtu akija kuuliza shamba ni la nani, moyo lazima ushtuke. Naelewa. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inakataza majibu yako kutolewa kwa namna itakayokutambulisha. Kinachochapishwa ni jumla ya kaunti, wala jina lako halimo.

Basi karani akija, fanya haya. Muulize kitambulisho, na hakikisha mzee wa mtaa au chifu anamjua. Asikutoze hata shilingi moja, wala asikuulize nambari ya siri ya M-Pesa, na akiuliza huyo si karani. Maswali ya chakula yajibiwe na anayepika, si baba mwenye nyumba wala kijana aliyekuja kutembea kutoka mjini. Taja kilichopikwa, kwa kibaba na kwa fungu kama mlivyozoea. Usiongeze wala usipunguze. Kama ilikuwepo siku mlilala na chai, sema siku hiyo mlilala na chai.

Mamangu bado yu hai, na tangu mwaka 2019 KNBS imekuwa ikifanya utafiti wa kaya wa mfululizo, kwa hiyo hodi yaweza kupigwa tena mwaka wowote. Nimemwambia wakija nami nipo, nitakwenda kukaa na wajukuu nyuma ya nyumba, yeye abaki na karani kibarazani. Akacheka. Akasema sawa, lakini kabla ya kwenda huko nyuma nimpikie mgeni chai.